Maprofesa Wastaafu na Wazee wa Temeke: Uchambuzi wa Kisa cha Darasa la Jumatano

Machi 2024, kwenye ukumbi wa ofisi ya serikali ya mtaa mmoja wa Temeke, profesa mstaafu wa historia alizungumza kwa saa moja na nusu mbele ya wazee 41. Wiki mbili baadaye, walipoitwa tena, walikuja 12. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa shughuli ile, na mimi ndiye niliyempigia simu profesa, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho na mengine niliyasababisha. Nayaandika kwa kuwa darasa lile halikufa, na kwa kuwa najua ipo mitaa mingine ya Dar es Salaam inayotaka kufanya kama sisi. Wastaafu wa vyuo wapo, wazee wapo, ukumbi upo. Inaonekana ni kazi ya kupiga simu tu.

Wazo lilivyozaliwa

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Kwa hesabu hiyo mtaa wetu una wazee wengi, na si wa namna moja. Wapo waliostaafu bandarini, relini, TAZARA (ile reli ya Tanzania na Zambia) na kwenye viwanda vya Chang'ombe. Wapo akina mama waliouza vitumbua na samaki wa kukaanga maisha yao yote bila kuajiriwa na mtu. Wapo wavuvi wa Kigamboni waliowafuata watoto wao upande huu wa maji. Mimi mwenyewe nilikuwa mtumishi wa elimu ya watu wazima, ndiyo maana hadi leo wananiita Mwalimu.

Siku moja mzee mmoja wa TAZARA alinisimamisha njiani akitoka kliniki. Akasema: "Mwalimu, kila anayekuja kuzungumza na sisi wazee anakuja kutuambia tutakufa na nini. Hakuna mwenye habari nyingine?"

Hakukosea. Nilipojaribu kukumbuka mikutano yote tuliyowahi kuitiwa wazee mtaani, ilikuwa presha, sukari, macho, lishe, na hapo katikati kikokotoo cha mafao. Hayo ni ya lazima na simwambii mtu ayaache. Lakini binadamu akifika miaka 70 haachi kutaka kujua kwa nini bahari hupwa na kujaa, au nani aliamua nini mwaka ule walipohamishwa. Anaacha kuulizwa tu. Nikakumbuka kwamba nawafahamu maprofesa watatu, wote wamestaafu, wote wanalalamika kwamba tangu waondoke Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuna anayewauliza kitu. Nikaona Mungu ameniletea kiu na maji siku moja.

Machi: mambo matano yaliyoharibika

La kwanza liliharibika kabla profesa hajafika. Mjumbe alipopita nyumba kwa nyumba alitangaza kwamba kutakuwa na "semina ya wazee". Huku kwetu neno semina lina maana yake: unakaa, unasikiliza, unasaini karatasi, unapewa bahasha ya nauli. Sehemu kubwa ya wale 41 walikuja kwa haki kabisa wakitarajia bahasha, kwa sababu ndivyo walivyozoeshwa kwa miaka mingi. Haikuwepo. Siwezi kuwalaumu kwa kutorudi. Mtu aliyekodi bodaboda kwa shilingi 1,000 aliyokopa kwa mjukuu, ukamrudisha mikono mitupu, umemdanganya hata kama hukukusudia.

La pili lilikuwa saa. Tulipanga Jumamosi, saa 8 mchana. Ukumbi una bati bila dari, na Machi ya Dar es Salaam mnaijua. Feni mbili zilikuwa zinalia kiasi kwamba wenye masikio mazito, nao walikuwa wengi, waliona midomo ya profesa ikicheza bila sauti. Tukizima feni, joto. Halafu Jumamosi ndiyo siku ya arusi na arobaini, na saa 10 inakaribia Alasiri. Nani alinishauri saa ile? Hakuna. Ndiyo saa ambayo profesa alikuwa na nafasi.

La tatu ni choo, na naomba msomaji asilipite haraka. Wazee wengi wa presha wanakunywa vidonge vya kupunguza maji mwilini. Anayekunywa kidonge hicho hawezi kukaa saa moja na nusu bila kuinuka. Choo cha ofisi yetu kiko nyuma, wakati ule kilikuwa na ngazi tatu zisizo na pa kushika, na ni cha kuchuchumaa. Niliona akina mama wawili wakienda wakishikana mikono, wakarudi, wakakaa mlangoni badala ya kwenye viti vyao, kisha wakaondoka. Siku ile niliandika kwenye daftari langu kwamba "baadhi walichoka". Hawakuchoka. Walikuwa wanatafuta choo.

La nne ni salamu. Profesa ana miaka 72. Alikaribishwa meza kuu, akatambulishwa kwa vyeo vyake vyote, akasimama akasema "Habari za mchana, wazee wangu." Mbele yake alikuwa amekaa bibi wa miaka 77 na mzee wa 83. Yeye ni mtu wa adabu, nyumbani kwao angeamkia bila kufikiri. Ila tai na meza vilimsahaulisha kwamba humo ndani yeye ni mdogo. Wazee walinong'ona. Baadhi wakamwamkia yeye, "Shikamoo Profesa", naye akaitikia marahaba. Kuanzia hapo ukumbi ukawa wa mwalimu na wanafunzi.

La tano ndilo lililonikosesha usingizi. Mada ilikuwa vijiji vya ujamaa, kuanzia Azimio la Arusha la Februari 1967 hadi operesheni za kuwahamishia watu vijijini za miaka ya 1973 hadi 1976. Kwenye slaidi moja, kwa maandishi madogo, profesa alifika Rufiji. Akaeleza kwamba baada ya mafuriko ya mwaka 1968, wakazi wa bonde walihamishiwa kwenye miinuko mwaka 1969, na kwamba hiyo ilikuwa moja ya operesheni za mwanzo kabisa nchini. Sentensi mbili, kisha slaidi nyingine. Yule bibi wa miaka 77, ambaye ni Mndengereko, mwenyeji wa Rufiji, akanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kikao akamwambia kwa upole: "Bibi, maswali mwishoni."

Mwishoni bibi hakuwepo.

Kwenye gari, nikimsindikiza profesa, aliniambia wazee wa siku hizi hawana subira. Nami nikakubaliana naye. Nasema hivyo kwa masikitiko, kwa sababu nilikuwa mtumishi wa elimu ya watu wazima na nilipaswa kujua.

Nilichoambiwa jikoni

Baada ya mkutano wa watu 12 kuvunjika, nilimfuata bibi nyumbani kwake. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, wala hakuacha kukuna niliponyenyekea kuomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, yule bwana alikuwa anasema habari zangu mimi. Nikaambiwa ningoje."

Sina uchambuzi unaozidi huo. Yote mengine, saa, choo, feni, yangeweza kurekebishwa na darasa bado likafa, kama tungeendelea kuwangojesha watu habari zao wenyewe.

Nilirudi nyumbani nikafungua makaratasi yangu ya zamani. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Miaka mitatu baadaye ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikusanyika vikundi vidogo vidogo, wakasikiliza Radio Tanzania, wakasoma kijitabu kwa pamoja, kisha redio ikazimwa na mazungumzo yakaanza. Ndani ya wiki 12 vijiji vilikuwa vimechimba vyoo. Mtaalamu alikuwa redioni, na alizungumza dakika chache. Sehemu kubwa ya muda ilikuwa ya wenyewe, na aliyewaongoza aliitwa mshauri wa kikundi, hakuitwa mhadhiri. Wazee wetu wa leo ndio waliokuwa vijana wa vikundi hivyo. Bibi yule alijifunza kusoma kwenye kisomo. Tulikuwa tumewapa watu hawa kitu kibovu kuliko walichokwisha kukizoea wakiwa na miaka 25.

Mwaka huohuo wa 1973, huko Toulouse, Ufaransa, Pierre Vellas alifungua chuo kikuu cha wazee, ambapo wastaafu walikuja chuoni kuwasikiliza maprofesa. Wazo lilipovuka na kufika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980 liligeuka sura: wanachama wakafundishana wao kwa wao, anayejua bustani anafundisha bustani, anayejua Kilatini anafundisha Kilatini. Nililisoma hilo zamani nikiwa kazini na nikaliona ni la Wazungu. Safari hii nililiona kwa jicho jingine. Mimi nilikuwa nimejenga Toulouse ndogo chini ya bati la Temeke, wakati desturi yetu wenyewe ilikuwa karibu zaidi na ile ya pili.

Chungwa, limao na bamvua

Tulibadilisha siku ikawa Jumatano, saa 4 asubuhi hadi saa 5 na nusu, wajukuu wakiwa shuleni. Semina likafutwa midomoni mwa mjumbe. Likawekwa darasa, na ikasemwa wazi kwamba hakuna posho, kuna chai na vitumbua. Vijana wa mtaa wakaweka bomba la kushika kwenye ngazi za choo. Projekta haikurudi tena. Mazungumzo yakawa ya dakika 20, na mtu anaruhusiwa kukatiza.

Profesa wa pili alikuwa mama mstaafu wa fizikia. Alikuja na kikapu cha sokoni. Aliwaamkia mmoja mmoja, akiuliza umri kwa utani pale asipokuwa na hakika nani amwamkie nani, na kicheko kikawa kimeshaanza kabla ya somo. Kisha akatoa chungwa, akalivisha mpira mwembamba wa kufungia noti, akamkabidhi mzee mmoja ashike limao. Chungwa ndiyo dunia, mpira ndiyo bahari, limao ndio mwezi.

Akaeleza kwamba mwezi unayavuta maji. Akauvuta mpira kidogo upande wa limao. Mzee mmoja mvuvi, ambaye tangu aanze kuhudhuria hajawahi kufungua kinywa, akamkatiza: "Mama, kama mwezi unavuta huku, mbona maji yanajaa mara mbili kwa siku? Ilitakiwa mara moja."

Niliona uso wa profesa ukiangaza. Alisema amefundisha miaka zaidi ya 30 na wanafunzi wachache mno walimuuliza hilo kabla hajalisema yeye. Akaeleza: mwezi unayavuta maji ya upande wa karibu kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na unaivuta dunia kuliko maji ya upande wa nyuma. Ya mbele yanatangulia, ya nyuma yanaachwa. Akauvuta mpira pande zote mbili, ukavimba mbele na nyuma, akalizungusha chungwa taratibu. "Dar es Salaam iko hapa kwenye kidole changu. Inapita kwenye uvimbe huu, halafu inapita kwenye ule." Ukumbi ukanyamaza, kisha kila mtu akataka kulishika chungwa.

Baada ya hapo somo likawa la mvuvi. Alimfundisha profesa bamvua na maji mafu. Mama yule alijua kwamba jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na mwezi ukiwa nusu hupungua nguvu. Alijua kwa hesabu. Mvuvi alijua miamba ipi huonekana siku ipi, na akaongeza kwamba wavuvi wa dagaa hawatoki usiku wa mbalamwezi kwa sababu karabai inakuwa haina kazi, samaki wameshapata taa yao. Profesa alikuwa anaandika. Wazee walipomwona anaandika maneno ya mwenzao, nadhani hapo ndipo darasa lilipozaliwa upya. Kitu kile kilikuwa cha kweli, hakikupangwa, na nisingeweza kukipanga.

Jumatano iliyofuata walikuwa 19. Hatukuwahi kufika tena 41, wala sijutii.

Rufiji inarudi

Aprili 2024 Rufiji ilifurika. Kila mmoja alikuwa anaona kwenye simu nyumba zilizozama na watu wanahamishwa, na kwenye mtaa wetu wenye ndugu kule hakuna aliyezungumza jambo jingine. Mwanzoni mwa Mei kukawa na tahadhari ya kimbunga Hidaya, na masika yenyewe yakatufungia darasa wiki tatu.

Profesa wa historia alinipigia mwenyewe. Aliuliza kama bibi angekubali kukaa naye. Nikamwambia hilo amwombe mwenyewe, nyumbani kwake, wala si kwa simu. Alikwenda. Sikuwepo, na hadi leo sijui walizungumza nini, ila Jumatano hiyo waliingia pamoja na bibi ndiye aliyetangulia.

Hakukuwa na meza. Profesa alikaa kwenye kiti cha pembeni, akasema dakika kumi tu kuhusu kilichoandikwa: mafuriko ya 1968, chakula cha msaada kilichopelekwa, na fikra ya serikali kwamba watu wakikaa pamoja kwenye miinuko watapata shule, zahanati na maji, na hawatangoja msaada kila mto ukijaa. Kisha akanyamaza, akamwangalia bibi.

Bibi alieleza kitu ambacho wengi wetu hatukukijua. Kwao mafuriko hayakuwa balaa kila mwaka. Mto ukijaa kiasi unaleta tope la rutuba, maji yakishuka wanalima mlau kwenye unyevu uliobaki, mahindi na kunde, wakati watu wa juu hawana kitu. Walikuwa na madungu, vibanda vya miti virefu shambani, mtu analala humo kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Maji yakija, dungu linabaki juu. "Mimi nimezaliwa dunguni," alisema, "mto ukiwa chini ya kitanda cha mama." Walipohamishiwa juu, shamba likabaki bondeni. Wakawa wanalala kijijini na mpunga unalala na nguruwe.

Mzee wa TAZARA, ambaye ni mtu wa chama tangu ujana, alimpinga. Alisema bila vijiji watoto wao wasingesoma. Bibi akajibu kwamba wake walisoma, na anashukuru, na njaa pia waliiona. Hawakuelewana. Profesa hakuwaamua. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema kwamba kwenye makala zake amewahi kuamua jambo lile kwa aya moja na sasa haoni haraka.

Nadhani kuna watu watakaosoma hapa na kuona kwamba basi profesa hana kazi, wazee wanajua kila kitu. Sivyo. Bibi alikuwa ameishi na jambo hilo miaka 55 bila kujua kwamba liliamuliwa kwa kufikiriwa, kwamba kulikuwa na sababu zilizoandikwa, kwamba watu wa bonde zima walihamishwa na si wa kitongoji chao tu. Aliniambia usiku ule alilala akiwaza kwamba hawakuadhibiwa kwa kosa lolote. Hilo nisingeweza kumpa mimi, wala jirani, wala redio. Alihitajika mtu aliyesoma makaratasi.

Yaliyobaki magumu

Umbali haujatatuliwa. Maprofesa hawa wanaishi Makongo na Changanyikeni, na kuja Temeke asubuhi ni safari ya kumchosha mtu wa miaka 72. Tunachanga nauli ya bajaji kutoka kituoni, basi. Wanaume wanakuja wachache kuliko wanawake; wengi wanaona drafti na kahawa ya kijiweni vinawatosha, na sijui kama niwafuate huko au niwaache. Profesa wa tatu alikuja mara moja, akataka ukumbi mkubwa na watu wengi, hatukumwita tena.

Mwezi wa 10, uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27 ukikaribia, mtu aliyetaka kugombea aliomba "dakika tano tu" za kusalimia wazee darasani. Tulikataa. Kwa muda tukaona ni busara kuuacha ukumbi, tukahamia uani kwa mzee wa TAZARA, chini ya mwarobaini. Kivuli ni kizuri kuliko bati, choo kiko karibu na hakina ngazi. Hatujarudi.

Kikao cha mwisho nilichokiandika kwenye daftari kilikuwa cha Desemba. Profesa wa historia alileta ramani ya zamani ya bonde la Rufiji, iliyochorwa kabla ya watu kuhamishwa, akiwa ameikuza ikawa na ukubwa wa kanga. Tuliitandika juu ya mkeka. Bibi ana mtoto wa jicho, kwa hiyo mjukuu wake wa darasa la sita alipiga magoti akawa anamsomea majina kwa kufuata mto kutoka Utete kushuka baharini, naye anaitikia kila jina, huku aliishi shangazi, huku yule aliyetuuzia mtumbwi. Kitongoji chao hakikuwemo. Akamwambia kijana arudi nyuma, hapo mto unapopinda mara mbili, hapohapo. Akamwambia aandike. Kijana alimtazama profesa kwanza. Profesa akampa kalamu.